UZI: Kwa nini sarafu za fedha za Warumi zinazofukuliwa Uingereza zimekatwa kingo, lakini uso wa Kaisari ukaachwa?

#1 Kisanduku (mtoa mada)

Wakuu, salaam. Ninakusanya sarafu za fedha za Warumi za karne ya nne na mwanzo wa karne ya tano, hasa zile ndogo na nyembamba ambazo wakusanyaji huziita siliqua, na ninaishi mashariki mwa Uingereza, ambako watu wenye vifaa vya kutambua metali huzifukua mashambani mara kwa mara.

Siliqua nzima iliyogongwa Trier (mji wa Ujerumani ya leo) wakati wa Makaisari Valens au Gratian ina uzito wa karibu gramu mbili, na pembeni yake kuna duara la maandishi linalotaja jina na cheo cha Kaisari. Zile zinazotoka katika ardhi ya Uingereza, kwa sehemu kubwa, zimekatwa pembeni hadi maandishi yamekwisha kabisa au yamebaki miguu ya herufi tu. Katika hazina ya Hoxne, Suffolk, yenye sarafu 14,865, siliqua ambazo hazikukatwa ni chache mno. Hata hivyo uso wa Kaisari haukuguswa: mkasi umepita nyuma ya kisogo, ukazunguka chini ya kifua, ukapanda mbele ya pua bila kuigusa.

Dai langu ni kwamba hii haikuwa kazi ya wezi, kwa sababu mwizi hana sababu ya kuwa na adabu kiasi hicho. Mwenye maelezo bora ayalete.

#2 Mchokonozi

Mkuu Kisanduku, unawadharau wezi. Mwizi mjinga hukata popote, kisha sarafu yake inakataliwa sokoni, naye anabaki na kipande cha fedha na kesi. Mwizi mwerevu huacha kile ambacho muuzaji wa nafaka atakitazama kwanza, yaani uso. Kwangu mimi adabu unayoisema ni ujanja wa kibiashara, na hakuna fumbo lolote hapa.

#3 MkaziTrier

Ninaandika kutoka mji ambao sarafu hizo nyingi zilizaliwa, kwa hiyo mtaniwia radhi nikirefusha maneno.

Maelezo ya Mchokonozi yanashindwa na swali moja: kama ni ujanja wa wezi, kwa nini wezi wa Galia (Ufaransa ya leo), Hispania na Italia hawakuwa na ujanja huo? Sarafu zilezile, zilizotoka Trier zikiwa na alama ya TRPS, au Lyon, au Arles, au Milan, zinapofukuliwa upande wa bara huwa nzima kwa kawaida, ilhali zilizovuka bahari kwenda Britania zimekatwa. Tofauti ni nchi, wala si sarafu.

Britania haikuwa na karakana yake ya kudumu ya kugonga sarafu. Ile ya London ilifungwa mwaka 325, ikafunguliwa tena kwa muda mfupi wakati wa Magnus Maximus, aliyetawala kuanzia 383 hadi 388, kisha ikanyamaza. Fedha ililetwa kutoka nje, kwa sehemu kubwa ili kuwalipa askari na watumishi wa dola, na mwanzoni mwa karne ya tano mfereji huo ukakauka. Watu walibaki na sarafu walizokuwa nazo, wakitakiwa kulipana mishahara, madeni na kodi kwa sarafu ambazo haziongezeki. Ndipo wakakata kingo, wakayeyusha vipande, na kugonga sarafu za kuiga. Ndani ya hazina hiyohiyo ya Hoxne kuna siliqua za kuiga zaidi ya 400, na nyingi zimetengenezwa kwa fedha halisi, si shaba iliyopakwa. Ukate sarafu nne au tano, upate moja zaidi, na zote zitumike.

#4 Wakili_Mstaafu

Ningependa kuongeza upande wa sheria. Warumi waliadhibu vikali sana kosa la kukata ukingo wa sarafu, na mkosaji aliweza kuuawa. Kwa hiyo ukataji huu haukuwezekana mamlaka ya Roma ikiwa bado imesimama. Ulianza baada ya mwaka 410, utawala ulipoondoka na hakimu hakuwepo tena wa kuuliza.

#5 Msomaji_wa_Usiku

Wakili, kwa heshima zote, sheria unayoitaja inapatikana katika Mkusanyo wa Sheria wa Theodosius, kitabu cha tisa, nayo inahusu anayekata duara la nje la solidus. Solidus ni dhahabu. Huwezi kuichukua sheria ya dhahabu ukaivika fedha bila kuonyesha mahali ilipoandikwa hivyo.

Tena dhahabu yenyewe inatufundisha kitu. Solidus ilikuwa na gramu nne na nusu, yaani sarafu 72 kwa ratili moja ya Kirumi, na kodi za dhahabu zilipimwa kwa mizani. Kaisari Julian aliagiza mwaka 363 kila mji uwe na mpimaji rasmi wa solidus, wa kuamua ugomvi kati ya wanunuzi na wauzaji. Ukikata kitu kinachopimwa, hasara ni yako mwenyewe. Ukikata kitu kinachohesabiwa, faida ni yako. Ndiyo maana solidus iliyokatwa ni nadra na siliqua iliyokatwa ni jambo la kawaida. Nionavyo mimi, ukataji unathibitisha kwamba huko Britania fedha ilipokewa kwa idadi, na mizani ilikuwa ya dhahabu.

#6 Wakili_Mstaafu

Nimekusoma. Lakini kwamba sheria iliyobaki inataja solidus hakumaanishi kwamba fedha iliachwa bila ulinzi. Sheria nyingi hazikutufikia. Tarehe yangu ninaishikilia, kwa sababu ziko siliqua za Constantine III zilizokatwa, na huyo alitangazwa kuwa Kaisari huko Britania mwaka 407. Hazikuweza kukatwa kabla ya kugongwa.

#7 Mchokonozi

Hilo la mwisho angalau halihitaji wakili.

#8 SonaraWaMkunazini

Assalaam aleikum. Mimi si mtu wa historia, ni mfua fedha, na nimezitazama picha mlizoweka kwa jicho la kazi.

Siliqua ni bati jembamba. Katikati imeinuka pale ulipo uso, na pembeni ni tambarare, kwa hiyo mkasi wa bati unapita pembeni bila taabu. Ukiingiza mkasi kwenye sehemu iliyoinuka, fedha inajikunja, na kama ni ya zamani inapasuka. Fundi anayetaka kazi ya haraka atamenya ukingo kama chungwa na kuiacha katikati, iwe kuna uso wa mfalme, iwe kuna picha ya mbuzi. Mnatafuta siasa katika jambo la mkono tu. Nimeona pia kwamba makato mengi hayana mviringo, ni mapigo mafupi yaliyonyooka yanayofuatana, na hiyo ni alama ya mtu aliyekata nyingi kwa kikao kimoja.

Nina swali pia. Kwa nini hamzing'arishi? Nyingine zimekuwa nyeusi hadi zinatia huruma.

#9 Kisanduku

Mzee wangu Sonara, tafadhali usije ukamwambia mtu yeyote humu azing'arishe. Ule weusi ni ngozi ya sarafu, na ukiuondoa kwa majivu au dawa ya vito unaondoa pia sehemu ya juu ya mchoro, na thamani yake kwa mkusanyaji inashuka. Jambo la pili, fedha iliyokaa ardhini miaka 1,600 hubadilika ndani ikawa chembechembe, na sarafu inayoonekana imara inaweza kuvunjika kama kigae ikianguka sakafuni. Haikunjwi wala haisuguliwi.

Kuhusu mkono wa fundi, ningekubali kama mkasi ungekuwa unasimama kila mara mahali pamoja. Ninazo ambazo mkasi umekula sehemu ya vazi la begani na ncha za utepe wa taji nyuma ya kichwa, sehemu ambazo nazo zimeinuka, lakini pua na paji la uso vimebaki. Aliyekata alikuwa anachagua.

#10 RialiMaskati

Wakuu, habari za huko. Mimi niko Maskati, na uzi huu umenikumbusha riali ya Maria Theresa, ile ya Austria yenye mwaka 1780, ambayo iliendelea kugongwa na tarehe ileile vizazi na vizazi, na iliyotumika Uhabeshi, Yemen, Omani na kwenye pwani yetu. Wazee waliitambua kwa kuitazama tu: walikagua lulu za kishikizo kilichopo begani mwa malkia, na ikiwa mchoro haukuwa kama walivyouzoea waliikataa, hata kama fedha ilikuwa safi. Uso ndio uliokuwa dhamana.

Lakini tazameni ukingo wake. Riali ile imeandikwa maneno ya Kilatini kwenye unene wa ukingo, IUSTITIA ET CLEMENTIA, na anayethubutu kuukata anajitangaza mwenyewe. Siliqua haikuwa na kinga ya namna hiyo, ilikuwa na nukta za mpaka na maandishi ya juu tu. Kwa hiyo ninaona Mchokonozi ana hoja kuliko mnavyompa. Mahali ambapo watu wanaamini sura, sura ndiyo itakayobaki.

#11 KopoLaSenti

Uzi ni mzuri, ila najiuliza kwa nini Waswahili tunahangaika na Warumi. Wakati huo Afrika haikuwa na sarafu zake, tulikuwa tunabadilishana vitu.

#12 BintiMtambwe

Ndugu KopoLaSenti, Aksum ilikuwa wapi? Wafalme wa Aksum, katika nchi ambayo leo ni Ethiopia na Eritrea, waligonga sarafu za dhahabu, fedha na shaba tangu karne ya tatu, na baadhi ya zile zisizo za dhahabu walizipamba kwa kuzipaka dhahabu kidogo kuzunguka kichwa cha mfalme, jambo ambalo Roma haikulifanya. Kaisari Constantius II, ambaye siliqua zake mnazinunua humu, aliwaandikia barua watawala wa Aksum, Ezana na ndugu yake, katika miaka ya 350. Walikuwa watu wa zama moja wanaojuana.

Na kwetu Pemba, pale Mtambwe Mkuu, mwaka 1984 ilipatikana hazina ya sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, zenye majina ya watawala wa kwetu, pamoja na dinari kadhaa za dhahabu. Ni za karne nyingi baada ya Warumi, lakini ni fedha, na ziligongwa na watu wetu.

#13 KopoLaSenti

Asante, dada. Mimi nilikuwa nazungumzia pwani ya wakati huo wa Warumi, si Uhabeshi. Je, si kweli kwamba sarafu za Kirumi zilipatikana Bur Gao, kule Somalia?

#14 Msomaji_wa_Usiku

Zilitangazwa kupatikana huko na Mwingereza mmoja aliyepita mwaka 1912, lakini lundo lile linachanganya sarafu za zama zilizopishana mno, na watafiti wengi hawaliamini kuwa hazina moja ya kale. Tusilijengee nyumba. Turudi Britania.

#15 Mgeni_Mombasa

Shikamooni. Nataka kuanza kukusanya, na kuna muuzaji amenionyesha siliqua mbili, moja nzima na moja iliyokatwa kwa bei nafuu zaidi. Ninunue ipi, na nitajuaje kwamba si za kughushi?

#16 Kisanduku

Marahaba, karibu. Ukitaka kujifunza kusoma sarafu, anza na nzima. Iliyokatwa imepoteza vitu viwili unavyovihitaji: jina la Kaisari lililokuwa pembeni upande wa uso, na alama ya karakana iliyokuwa chini kabisa upande wa nyuma. Nyuso za miaka ile zinafanana sana, zote ni vijana wasio na ndevu wenye taji la lulu wakitazama kulia, kwa hiyo bila maandishi Valentinian II, Arcadius na Honorius wanachanganyika. Wanaojitambulisha wenyewe ni wachache. Julian wa miaka yake ya mwisho ana ndevu, na Eugenius, aliyetawala magharibi kuanzia 392 hadi 394, ana ndevu zilizochongoka. Upande wa nyuma tazama kama ni shada lenye maneno ya nadhiri, mfano VOT X MVLT XX, au ni Roma aliyeketi na maneno VIRTVS ROMANORVM au VRBS ROMA. Herufi tatu zilizobaki hutosha mara nyingi.

Kuhusu kughushi, ogopa sarafu mbili zinazofanana hadi kwenye kasoro, kwa sababu kila sarafu iliyogongwa kwa nyundo ilikaa tofauti kidogo chini ya muhuri. Ogopa pia vishimo vidogo vya mviringo kwenye uso na mstari wa kiungo kwenye ukingo, ambazo ni dalili za kumiminwa kwenye kalibu. Muulize muuzaji ilikopatikana na karatasi za mmiliki wa zamani. Kama ilifukuliwa Uingereza, uliza iliripotiwa vipi na kama ina kibali cha kutoka nchini.

#17 Wakili_Mstaafu

Hilo la kuripoti ni muhimu. Chini ya Sheria ya Hazina ya Uingereza ya mwaka 1996, sarafu mbili au zaidi za dhahabu au fedha zenye umri wa miaka 300 na kuendelea zikipatikana pamoja ni hazina, na mfukuaji anapaswa kuripoti ndani ya siku 14. Ndiyo sheria iliyowezesha Hoxne kuingia British Museum.

#18 MkaziTrier

Hoxne ilipatikana tarehe 16 Novemba 1992, Mkuu, kabla ya sheria hiyo kuwepo, kwa hiyo iliamuliwa kwa taratibu za zamani. Mzee Eric Lawes alikuwa anatafuta nyundo ya rafiki yake iliyopotea shambani. Alipoona fedha inazidi aliacha kuchimba na kuita wahusika, ndiyo maana wanaakiolojia waliweza kuitoa ikiwa bado imepangwa ndani ya sanduku lake. Nyundo nayo ilipatikana, na iko makumbusho.

#19 Mchokonozi

Nimepoteza nyundo mbili Kibaha na sijapata hata kopo la rangi.

#20 Hesabu_Kali

Nimesoma toka mwanzo na ninashangaa hakuna aliyetaja uzito ulivyoshuka. Katikati ya karne ya nne, chini ya Constantius II, siliqua ilishushwa kutoka gramu tatu na kitu hadi mbili na kitu. Kisha mwishoni mwa karne, zile za Milan za Honorius zilikuwa nyepesi zaidi, nyingi karibu gramu moja na nusu. Sasa fikiri una sarafu ya Valens ya gramu mbili na jirani yako ana ya Honorius ya gramu moja na nusu, na zote zinapokewa kwa thamani moja. Kuikata ya Valens hadi ifikie ya Honorius ni kuilinganisha na kipimo kipya, na inawezekana mamlaka ya mahali iliruhusu au hata iliagiza. Hapo Mtoa mada anapata anachokitaka: si wizi, ni utaratibu.

#21 Msomaji_wa_Usiku

Ni hoja nzuri, lakini utaratibu huacha kipimo. Kama kulikuwa na amri ya kuzifikisha gramu moja na nusu, zilizokatwa zingejikusanya hapo. Badala yake zinatapakaa: nyingine zimeguswa kidogo tu, nyingine zimebaki chini ya gramu moja, na hata nyepesi za Milan nazo zimekatwa. Inaonekana sarafu moja ilikatwa zaidi ya mara moja, na mikono tofauti.

#22 Hesabu_Kali

Kutapakaa kunaweza kuwa matokeo ya amri kurudiwa kila fedha ilipopungua. Kila mara kipimo kinashuka, na zilizokuwa zimefichwa kati ya amri mbili zinabaki na uzito wa zamani. Huwezi kuitupa hoja kwa sababu lundo limechanganyika. Hazina huchanganyika kwa asili yake.

#23 SonaraWaMkunazini

Vipande vilivyokatwa viko wapi? Fundi huokota hata vumbi la meza.

#24 MkaziTrier

Vimepatikana mara chache, Mzee, na hilo linaafiki kwamba viliyeyushwa. Lakini nakiri kwamba fedha ya zile za kuiga iliyokutwa ni ndogo ukilinganisha na fedha iliyokatwa. Nyingine ilikwenda kwingine: vyombo, vito, au vipande vya kulipa watu wa nje ya mipaka.

#25 BintiMtambwe

Hapo ndipo nataka kuingilia. Hazina ya Patching, West Sussex, iliyopatikana mwaka 1997, ina sarafu zinazofika miaka ya 460, na ndani yake siliqua zimekaa pamoja na vipande vya fedha vilivyokatwakatwa. Ile ya Traprain Law huko Scotland, iliyopatikana 1919, ni zaidi ya kilo 20 za sahani na vikombe vya Kirumi vilivyopasuliwa, pamoja na siliqua chache zilizokatwa. Watu hao walikuwa wanapima fedha, hawahesabu. Sasa Msomaji_wa_Usiku anasema ukataji una faida pale tu ambapo sarafu zinahesabiwa. Ikiwa zilipimwa, uso ulihifadhiwa kwa ajili ya nani?

#26 Msomaji_wa_Usiku

Zilikatwa zikiwa zinahesabiwa, kisha baadaye zikapimwa. Patching ni ya kizazi cha pili au cha tatu baada ya ukataji kuanza.

#27 BintiMtambwe

Na ile ya Ireland? Karibu na Coleraine, mwaka 1854, zilifukuliwa siliqua zaidi ya 1,500, nyingi zimekatwa, pamoja na mikuo ya fedha (vipande vizito vilivyomiminwa) na vyombo vilivyopasuliwa, katika nchi ambayo Roma haikuitawala hata siku moja. Ukisema zilikatwa Britania kabla ya kuvuka, nitauliza kwa nini mlipaji alimpa mgeni sarafu pungufu naye mgeni akakubali bila mizani, huku sahani zilizo pembeni yake zimekatwa kwa uzito. Ukisema zilikatwa hukohuko Ireland, basi hapakuwa na kodi, wala mshahara wa askari, wala Kaisari wa kuheshimiwa, na nyuso bado zimebaki.

#28 Mchokonozi

Mimi nimeshasema tangu namba mbili. Ila Sonara alinipita kwa karibu.

#29 Hesabu_Kali

Dada BintiMtambwe, mikuo ya Coleraine baadhi ina mihuri rasmi ya karakana za Kirumi. Huenda lundo lote lilikuwa malipo ya askari wa kukodiwa aliyerudi kwao, na mlipaji alihesabu sarafu kama sarafu na mikuo kama mikuo katika mfuko mmoja. Nitatafuta uzito wa hizo siliqua uliochapishwa, nizipange kwa Kaisari mmoja mmoja, kisha nirudi hapa.